Papa Béné, Motari Aliyekataa Kufia Barabarani

Ni mwaka mmoja sasa tangu uiweke chini kaske yako, kofia ngumu ya pikipiki, Marcellin Adroma, Papa Béné, motari, mbeba abiria kwa pikipiki, wa mtaa wa Saio hapa Bunia. Hata leo, pikipiki ikipita taratibu mbele ya ua wetu, sote tunageuza shingo. Zile zinazopita mbio hatuzigeukii. Tunajua si wewe.

Sisi wa nyumba yako hatuandiki haya kwa kulia. Tulilia mwaka jana tukachoka. Mke wako Véronique, Mama Béné, ndiye aliyetutuma, asubuhi hii, akiwa na ungo wa mchele mapajani. "Muandike muzuri," alisema. "Musiandike sawa watu wa matanga. Ule mwanaume alinipa neno na alifanya vile alisema. Nataka Bunia yote ijue." Basi tunaandika, na yeye anachagua mawe kwenye mchele, na kila tukikosea jambo anakohoa.

Neno lenyewe watu wa Saio wanalijua, lakini si wote watakaosoma hapa ni wa Saio. Ulipokwenda kumposa Véronique, wazazi wake walikuwa wamekimbia mashamba yao ya Djugu kwa sababu ya vita, wakajibana kwenye chumba kimoja hapa mjini. Ulikwenda umevaa shati jeupe, umepiga pasi, na ulikwenda juu ya pikipiki. Hapo ndipo ulipoharibu. Kaka mkubwa wa Véronique, Ephraïm, alikuwa amekufa majira ya mvua yaliyotangulia, naye juu ya pikipiki. Risasi zilikuwa nyingi siku zile lakini hazikumpata. Aliingia kwenye dimbwi alilolipita kila siku, asijue kwamba mvua ya usiku ilikuwa imebeba mawe yote ya chini. Juu, maji yalikuwa yaleyale ya jana. Walimkuta ndani yake.

Mama mkwe wako, Mama Gertrude, aliitazama pikipiki yako mlangoni. Kwa desturi yao mama mkwe haongei na mkwe uso kwa uso, hivyo aliugeukia ukuta. "Weye ukuta," alisema, "ambia huyu kijana siye tulishazika mumoja." Wewe ukainamisha kichwa.

Ni Véronique aliyekata maneno. Alisema mbele ya baba yake, mbele ya wajomba, mbele ya pombe ya posa: "Nitaolewa naye. Lakini asinifie mu barabara. Kama ni kufa, akufe ku nyumba, ku kitanda, niko namuona." Wajomba walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Vita imejaa mji mzima, watu wanafia shambani, sokoni na njiani, halafu msichana anachagua mahali pa mumewe kufia. Wewe hukucheka. Ulisimama na shati lako jeupe ukasema, "Sawa. Sitakufia barabarani." Mama Béné anasema hapo ndipo alipokupenda kweli. Kabla ya hapo alikuwa anakuhurumia tu.

Tangu siku ile uliendesha kwa namna ambayo Bunia haijaiona tena. Kuku walikupita. Wanafunzi waliochelewa shule walikupita kwa miguu wakakupungia mkono. Hukuingia kamwe kwenye maji ambayo hukuyajua siku hiyohiyo. Ulisimama, ukamwambia mteja, "Shuka kidogo, mukubwa," ukafungua fimbo uliyoifunga kando ya kiti, ukaenda kupima dimbwi kama mpishi anayeangalia ugali umeiva. Wateja walichukia. "Iko maji tu!" walisema. Nawe uliwajibu kwa upole wako unaoudhi: "Jana ilikuwa maji tu. Leo sijaiona."

Lori likipita na vumbi lake, uliegesha pembeni mpaka vumbi likae, maana nyuma ya vumbi kunaweza kuwa na lori lingine au ng'ombe wa mtu. Kila daraja la mbao ulilikagua upya, hata kama ulilivuka asubuhi, kwa sababu vita ilikuwa imefundisha watu kung'oa mbao za daraja na kwenda kupikia maharagwe. Na hukuzungumza ukiendesha. Mteja akianza habari za vita na siasa, ulimwambia, "Tutaongea tukifika." Wengi walifika wamesahau walichotaka kusema, nawe ulifurahi.

Shimo ulilolipata hukuliacha hivihivi. Ulivunja tawi ukalisimamisha katikati, ili mwenzako anayekuja nyuma alione. Mwanzo ulitumia matawi yoyote, na mbuzi wa Saio walikufuata wakila alama zako moja baada ya nyingine. Siku moja ulirudi nyumbani umenuna, ukasema unafanya kazi ya kulisha mbuzi za watu. Dada yako Honorine ndiye aliyekukumbusha kwamba mbuzi hawali mkaratusi. Kesho yake uliondoka na furushi zima la matawi ya mkaratusi nyuma ya pikipiki, na nyumba yote ilinuka dawa ya kifua.

Sasa tufike kwenye siku ya soko. Mama Béné amekohoa mara mbili, anadhani tutairuka. Hatuiruki.

Siku zile tawi lililolala barabarani lilikuwa na maana moja tu kwa kila mtu: mbele kuna bariere, kizuizi cha wenye bunduki, geuka kama unataka kurudi kwako. Wewe, na akili zako zote, ulikuwa umesahau. Ulikuta shimo jipya kwenye mteremko wa kutoka Saio kwenda sokoni, kubwa, limefunikwa na nyasi na taka zilizoletwa na maji. Ulilizungushia matawi kwa upendo, tena mengi, safari hii ukiyalaza chini, ukaenda kazini ukiwa na moyo mweupe. Mwanamke wa kwanza aliyeshuka na beseni la unga wa mihogo aliona matawi, akageuka. Alikutana na wa pili akamwambia, "Kuko bariere mupya pale chini." Wa pili hakuuliza. Soko likabaki na wauza chumvi wawili, milango ikafungwa, na kanisani wanakwaya waliacha wimbo katikati.

Wewe ulishuka tena kutoka Saio ukakuta barabara tupu, na ulifurahi. Ulimwambia mteja wako, "Leo barabara iko muzuri kabisa." Ulifurahi hivyo mpaka ulipokutana na Mama Gertrude, godoro kichwani, anapanda mlima mbio na miaka yake yote. Siku hiyo alisahau desturi akakuita usoni. "Weye! Geuka! Kuko bariere!"

"Wapi, mama?"

"Pale ku muteremuko. Wameweka matawi."

Ulizima pikipiki. "Mama," ulisema, "ile matawi ni yangu."

Mama Gertrude alitua godoro barabarani akalikalia. Alikutazama, kisha akakumbuka desturi, akageuka akaliambia godoro: "Weye godoro, huyu mutu ataniua, na haiko na pikipiki." Kisha alicheka. Watu walioanza kufungua milango wanasema ndiyo mara ya kwanza walimsikia akicheka tangu kifo cha mwanawe.

Lakini Véronique hakucheka, maana mchana wapiganaji wenye bariere ya kweli walikuja kuuliza ni nani aliyeweka bariere yake katika eneo lao bila ruhusa. Walikuchukua mbele yake. Alikufuata kwa mbali, Béné mgongoni. Kichwani alikuwa na jambo moja tu: ndiyo hii sasa, ananifia barabarani, tena kwa ajili ya tundu. Mlipofika kwenye mteremko, mkubwa wao alionyesha matawi kwa kidevu. "Hii bariere ni ya nani?"

"Haiko bariere, mukubwa. Iko tundu."

"Tundu gani? Naona majani."

Ulimpa fimbo yako. Aliichomeka kwenye zile nyasi, ikaingia, ikaingia tena, mpaka mkono wake ukagusa matope. Alibaki ameinama. Pikipiki zake mwenyewe zilipita pale kila alfajiri kupeleka chakula kwa watu wake. Aliitoa fimbo, akaipangusa kwenye suruali ya askari aliyesimama karibu, akakurudishia. "Tafuta alama ingine," alisema. "Matawi ni yetu." Wakaondoka. Véronique alikaa chini palepale kwenye nyasi, nawe ulikwenda kukaa karibu naye. Béné ndiye aliyekuwa anaongea, anataka kula.

Jioni ulikaa uani ukifikiri. Ulihitaji kitu cha rangi cha kufunga kwenye tawi, ili mtu akiona ajue hapa ni shimo, si vita. Hukuomba. Ulitazama tu kamba ya nguo, na kwenye kamba kulikuwa na kikwembe, kitenge cha manjano, kile cha harusi, kilichotoka mikononi mwa Mama Gertrude mwenyewe, kitu pekee alichotoroka nacho Djugu mbali na watoto wake. Véronique aliona unachotazama. "Hapana," alisema. Ukasema, "Sijasema kitu." Akasema, "Macho yako imesema." Aliingia ndani, akapika kwa kelele, akagawa chakula kwa kelele. Halafu akatoka na wembe, akakitoa kikwembe kwenye kamba, akaanza kukikata vipande vyembamba yeye mwenyewe, huku akikutukana kwa jina la kila jamaa yako kutoka Aru mpaka hapa. Ulimshikia upande mwingine wa kitambaa. Alipomaliza alikuwa anacheka, na wewe pia, na hatujui aliyeanza.

Basi Bunia ikajifunza. Tawi peke yake, geuka. Tawi lenye kitambaa cha manjano, punguza mwendo, hapa Papa Béné ameona kitu. Ulikifunga hata kwenye kamba za bariere, zile kamba nyembamba zinazovutwa kukata barabara na motari hazioni mpaka zimefika shingoni. Uliwaomba wenye bariere kwa adabu, kila mmoja, na wengi walikubali. Kikwembe cha manjano kilipokwisha, wanawake wa Saio walileta vipande vyao.

Kijana mmoja tu hakutaka kujifunza. Abdoul, mtoto wa wachimba dhahabu wa Nia-Nia, alikuwa motari mwenye haraka kuliko wote mjini, na ndiye aliyekubandika jina la Papa Matawi. Alikupita kila siku akipiga klaksoni. Siku moja aliona kitambaa chako cha manjano akadhani ni nguo ya mtu imepeperushwa na upepo. Ulimkuta ndani ya shimo, mfupa wa bega umevunjika, pikipiki juu ya miguu yake, taa bado inawaka. Hukumwambia hata neno moja la kumsuta. Ulimbeba mpaka hospitali, halafu ukamleta hapa nyumbani, na alikaa kwetu mpaka bega likapona na mpaka mwezi wa mfungo ukaisha, Véronique akimpikia uji wa kufuturu. Alipopanda pikipiki tena, alisimama kwenye dimbwi la kwanza akashuka. Saio nzima ilipiga makofi. Alikasirika siku mbili.

Tangu hapo mlikuwa mnasafiri pamoja. Na pamoja ndipo mlipokwenda Nia-Nia mwaka jana, kila mtu na pikipiki yake, mmepakia sabuni na chumvi za wafanyabiashara. Mlifika salama. Huko homa ikakukamata. Uliwadanganya wenyeji kwamba ni uchovu, lakini mama yake Abdoul alikuinua kope akaona macho yako ni manjano, akakuambia urudi kwa mkeo upesi.

Kilichotokea baada ya hapo Abdoul ametusimulia mara nyingi, na kila mara tunamwomba arudie. Asubuhi ya kurudi uliwasha pikipiki yako mwenyewe. Ulikwenda mpaka mwisho wa nyumba za Nia-Nia, pale msitu unapoanza, ukasimama. Abdoul akasimama nyuma yako. "Iko tundu?" aliuliza.

"Sijui," ulimjibu. "Ndo maana nimesimama. Naangalia na sioni."

Ukashuka. Ukatoa ufunguo ukampa. Wewe ambaye hukuwahi kukaa nyuma ya mtu, ambaye hata mdogo wako wa tumbo moja hakuruhusiwa kuisogeza pikipiki ile uani, ulimpa ufunguo kijana aliyewahi kuwa na haraka kuliko wote Bunia. Abdoul aliiacha pikipiki yake kwa mama yake. Alikufunga kwenye kiti nyuma yake kwa mipira ya kufungia mizigo, usije ukaanguka ukizimia, na mkaondoka.

Alitaka kukimbia. Alisema mgongo wake ulikuwa unaungua kwa joto lako, na alijua akienda polepole unaweza kumfia njiani, na akienda mbio mnaweza kufa wote wawili ndani ya maji ya kwanza. Alianza kuongeza mwendo. Ulimgonga begani, lile bega lililovunjika. "Weye enda pole pole," ulimwambia. "Kufa, miye nitaingojesha."

Basi alikwenda polepole, msitu mzima, Mambasa, Komanda, mvua na matope yake. Kila dimbwi alishuka akapima, nawe umefungwa kwenye kiti, unatetemeka, unamkemea. "Upande wa kushoto haukupima." Alipima kushoto. "Ile mbao ya tatu inacheza." Aliikanyaga, kweli inacheza. Mambasa muuguzi alikuchoma sindano akataka kukulaza, ukamshukuru sana ukamwambia kuna mtu anakungoja Bunia na hapendi kuchelewa. Njia nzima, Abdoul anasema, hamkuongea habari nyingine yoyote isipokuwa barabara. Alilia chini ya kaske yake mara nyingi, ukadhani ni mafua, ukamshauri mkaratusi.

Véronique alikuwa uani akifua. Alisikia pikipiki inapanda mlima taratibu, inasimama, inapanda tena, akasema, "Amefika," kabla mtu yeyote hajaona kitu. Aliona anayeendesha si wewe. Kisha akaona kichwa chako kimeinuka nyuma ya bega la Abdoul, kinaangalia barabara.

Daktari alisema ini limekwisha na hakuna dawa, akaturuhusu tukurudishe nyumbani. Siku ulizokaa kitandani zilikuwa siku za watu. Motari wa Saio walijaa uani, wakaegesha vibaya, ukawaambia kupitia dirishani waegeshe vizuri. Mama Gertrude alikulisha uji kwa mkono wake, desturi aliiweka kando, akasema Mungu atamwelewa. Béné alilala miguuni pako. Ulicheka mno siku zile, Papa Béné. Tulikuwa hatujui kwamba mtu anaweza kucheka hivyo na macho ya manjano.

Asubuhi ya mwisho jua lilikuwa limeingia chumbani. Ulifungua macho ukaonekana umepotea kidogo, mkono wako unatafuta kitu hewani, kama usukani. Véronique aliukamata mkono ule.

"Tuko wapi?" ulimuuliza.

"Ku nyumba. Uko ku kitanda yako."

"Haiko barabara?"

"Haiko barabara, Marcellin. Nakuona."

Ulimtazama vizuri, kwa muda, namna ulivyokuwa unatazama kitu kabla ya kukivuka. Ukasema, "Basi, zima pikipiki." Naye alielewa, akakufunga macho kwa kiganja chake, akaacha kiganja pale mpaka ulipomaliza kupumua.

Wanaokukumbuka ni mke wako Véronique. Binti yako Bénédicte, ambaye sasa anakataa kuvuka hata kidimbwi cha uani bila fimbo. Mama mkwe wako Gertrude. Dada yako Honorine. Wadogo zako wa Aru. Na Abdoul, ambaye si wa damu yetu na ni wa nyumba yetu. Misa itasomwa Jumapili katika parokia yetu, na Abdoul atakuombea msikitini siku ya Ijumaa. Motari wote wa Saio wanakaribishwa kula nasi baada ya misa. Waje polepole, tutawangoja.

Marcellin, ulifika nyumbani. Tutakukumbuka siku zote tutakazopewa.